Mwenyekiti wa Keram, Nyasho

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimeunda Chama cha Keram Mkoa wa Mara. Kikao cha kwanza kimefanyika barazani kwangu hapa Nyasho, saa nne asubuhi. Waliohudhuria: mimi. Waliotoa udhuru: hakuna, maana hakualikwa mtu. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Nafasi ya katibu nimeikaimu.

Aliyesababisha ni Clementi. Huyu ni dereva mstaafu, na sasa ndiye mkubwa wa kijiwe cha drafti pale sokoni. Jana nilipita nikakuta watu kama ishirini wamemzunguka, wanaangalia vizibo vya soda vikirukana. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba zamani Musoma kulikuwa na mchezo wa watu wenye akili, unaitwa keram. Jamaa mmoja akauliza kama hiyo keram ni chakula. Clementi alicheka mpaka akakohoa. Akasema keram ilikufa na wazee wake, mimi nitafute tu pa kuizika.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma daftari hili: keram inachezwa kwenye ubao wa mraba wenye shimo kila pembe. Kuna kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, na moja nyekundu ambayo ndiyo malkia. Unafyatua kete kubwa kwa kidole, inakwenda kugonga zako ziingie shimoni. Basi. Ila ukishaanza huwezi kuacha.

Azimio la kikao: Mashindano ya Mkoa yatafanyika Jumamosi, tarehe 26 mwezi huu. Musoma, Bunda na Butiama zitashiriki. Changamoto ni tatu. Hatuna ubao. Hatuna wachezaji. Prudence hajaambiwa.

Jumapili, 6 Julai

Tumetoka kanisani, nikamweleza Prudence. Mke wangu ni mtu wa maneno machache, yote mazito. Akauliza kama ni mchezo uleule ulionifanya niache kusemeshana na Anuari. Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Akasema nyumba ina watu wawili, hivyo ajenda ni nusu kwa nusu, na hilo yeye ameliingiza. Nikaahirisha kikao.

Mchana nimekaa barazani nikakumbuka. Miaka ile nilikuwa karani kijana wa ghala la pamba. Nikishafunga vitabu, natembea moja kwa moja mpaka mjini, barazani kwa fundi cherehani Shomari, Mungu amrehemu. Alikuwa na ubao wa keram aliouchonga mwenyewe, fremu ya mninga. Alasiri, wakishatoka kuswali, cherehani zinanyamaza na ubao unawekwa juu ya pipa. Upepo wa ziwa unakuja na kupeperusha poda ya kuutelezesha ubao, tunakuwa weupe mpaka kwenye kope. Kahawa ya tangawizi. Kashata. Mzee Shomari hakuwa mtu wa kupiga kelele. Ukikosa shuti rahisi anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Hiyo ilikuwa inaumaga kuliko tusi.

Mwanawe Anuari alikuwa mwenzangu wa kucheza. Yeye upande ule, mimi upande huu. Hatukuhitaji kusemeshana.

Sijui kwa nini naandika haya. Ni masuala ya chama ninayotakiwa kuandika.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Taifa limepumzika, mwenyekiti kazini.

Asubuhi nimechonga mhuri wa chama kwa soli ya ndala. Herufi nzuri kabisa, zimenichukua saa mbili. Nikaandika barua rasmi ya kuazima ubao, nikagonga mhuri, nikakimbia mjini kwa Mwanaupe. Huyu ni binti wa marehemu Shomari. Anauza vitenge kwenye chumba kilekile baba yake alichokuwa akishonea, na ubao uko pale ukutani, umefunikwa kanga.

Mwanaupe amesoma barua hadi mwisho. Akauliza hawa Marek ni watu wa nchi gani.

Nilikuwa nimechonga KERAM bila kukumbuka kwamba mhuri unageuka.

Nikasema ni wafadhili. Akaikunja barua, akanirudishia, akasema ubao si wake. Baba aliuacha kwa Anuari. Kama nautaka niende Bunda, nikamwombe mwenyewe kwa mdomo wangu. "Miaka thelathini na saba, kaka Benja," akasema. "Mtu anaweza kuzaliwa, akasoma, akaoa, akazaa, nyie bado mmenuniana."

Nikamwambia mimi sijanuna. Nilikuwa na shughuli.

Jumatano, 9 Julai

Ili kumbukumbu ziwe sawa, naandika kilichotokea mwaka 1988.

Tulikwenda Mwanza kwa meli, mimi na Anuari, kuiwakilisha Musoma. Tukashinda mechi nne. Tukafika fainali. Ubao wa mwisho, malkia yuko karibu na shimo langu, zamu yangu. Nikajiinamia kulenga. Mkono wa shati langu, ambalo lilikuwa refu kidogo, ukamgusa malkia. Akasogea. Si sana. Labda urefu wa punje ya mchele, na kwa bahati alisogea kwenda shimoni. Hakuna aliyeona. Nikampiga, akaingia, watu wakapiga makofi.

Ndipo Anuari, mwenzangu, wa upande wangu mwenyewe, akainua mkono. Akamwambia refa kwamba malkia ameguswa.

Tukarudisha kete. Tukashindwa. Watu wa Mwanza wakabeba kombe.

Basi. Msomaji ahukumu nani aliyekosa.

Alhamisi, 10 Julai

Bunda. Nimekwenda na mbinu. Singeweza kuingia kwa Anuari na kuomba ubao kavukavu, kwa hiyo nimebeba suruali ya kijivu kama mteja wa kawaida anayetaka kupunguza upindo. Mpango: nakaa, tunazungumza habari za hali ya hewa, halafu ubao unajileta wenyewe.

Nimemkuta binti yake, Ikhlas, kwenye cherehani. Akanipa shikamoo, akaniita baba mdogo ingawa hajawahi kuniona. Anuari yuko kwenye kiti pembeni yake. Amezeeka. Kofia ileile ya kufuma, ndevu nyeupe. Mkono wa kulia umelala mapajani na haukuinuka kunisalimu. Amenipa wa kushoto.

Ikhlas ndiye aliyeeleza. Kiharusi, mwaka juzi. Mguu umerudi, ulimi umerudi, mkono umekataa.

Nilikuwa nimeandaa sentensi saba. Zote zimepotea. Mkono ule ndio uliokuwa unafyatua kete kutoka pembe mpaka pembe bila kugusa ukingo.

Anuari akaniuliza, "Unataka ifike wapi?"

Nikafikiri anauliza kuhusu ugomvi wetu. Nikasema sijui, pengine imefika mwisho. Akasema, "Suruali, Benja."

Nikaonyesha mahali. Sikuangalia ninapoonyesha. Ikhlas amekata, ameshona, nimechukua, nimeaga. Habari ya ubao sikuigusa.

Jumamosi, 12 Julai

Suruali inaishia katikati ya muundi. Nimepita nayo sokoni kwa makusudi, kichwa juu. Clementi akauliza kama ziwa limefurika huko kwetu. Kijiwe kizima kimecheka. Nikawaambia ndivyo inavyovaliwa sasa, na nikatumia nafasi hiyo kutangaza mashindano. Clementi akataka kujua wachezaji wangapi wamejiandikisha. Nikasema orodha bado inachapwa.

Prudence ameitazama suruali, akasema mtu hasafiri mpaka Bunda kwa ajili ya upindo. Akauliza hali ya Anuari. Nikamweleza kuhusu mkono. Aliacha kuchagua mchele. Akauliza mimi nilimwambia nini. Nikasema nilimshukuru kwa huduma.

Akaondoka na ungo wake akaniacha barazani peke yangu.

Jumatatu, 14 Julai

Butiama. Mbinu ya pili: kama ubao wa Shomari haupatikani, upo mwingine. Mwalimu Keraryo alikuwa na ubao, na zaidi ya hapo ndiye aliyekuwa refa wetu mwaka ule wa 1988. Sasa amestaafu, analima mtama na migomba, na masikio yamepungua. Inabidi uongee naye kama unaita mtu ng'ambo ya mto.

Ubao upo. Mkewe Bhoke anauanikia mtama. Kuku wamezoea kusimama juu yake na kudonoa, umekuwa na mashimo mengi kuliko yale manne ya halali. Nimesimama pale kama aliyefiwa. Bhoke akasema nisihuzunike, ubao umefanya kazi nyingi miaka hii yote kuliko kama ningekuwa nao mimi.

Tumekula ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na samaki sato. Baada ya kunawa, nikamweleza mwalimu habari za mashindano na nikalaumu kidogo, kwamba kama si Anuari kunisaliti Mwanza, keram isingekufa. Nilipiga kelele ili asikie. Majirani nao wamesikia.

Mwalimu akaniuliza, "Benjamini, wewe unadhani sikuona?"

Nikamuuliza nini.

"Shati. Niliona shati likimsogeza malkia. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka."

Akanikumbusha kanuni ya mashindano yale, ambayo mimi kama karani nilipaswa kuijua. Mchezaji akigusa na wenyewe wakasema, wanarudisha kete moja, mchezo unaendelea. Refa akiwakamata wamenyamaza, wanatolewa wote wawili, na klabu yao inafungiwa mwaka mzima.

"Anuari aliniangalia, akaona nainuka," mwalimu akasema. "Akawahi. Hakukuuza. Alikuokoa wewe, na alikiokoa kibaraza cha baba yake."

Nikasema hilo nimelizingatia. Nikaomba maji. Nilikunywa vikombe viwili.

Jumatano, 16 Julai

Hakuna shughuli za chama leo.

Nimefagia baraza. Nimetengeneza mguu wa kiti uliovunjika tangu Pasaka. Prudence akaniuliza kama naumwa.

Nakumbuka siku ya kurudi kutoka Mwanza. Mzee Shomari alitungoja bandarini. Alituona tumeshuka mbalimbali, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hakuuliza kombe liko wapi. Alivua miwani, akaifuta. Safari ile hakuivaa tena kwa haraka, alibaki ameishika tu. Mwaka uliofuata Anuari alioa akahamia Bunda. Mzee akaendelea kuweka ubao juu ya pipa kila alasiri. Mimi nikawa napitia barabara nyingine.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda tena Bunda, na suruali ileile, safari hii kuomba irefushwe. Nimesubiri nje mpaka watu wametoka kuswali Ijumaa. Ikhlas ameiangalia suruali na kusema, "Baba mdogo, kitambaa nilishakata." Nikasema ajaribu hivyohivyo. Akamtazama baba yake, akasema anakwenda kununua uzi. Uzi ulikuwa umejaa kwenye kopo mbele yake.

Tukabaki wawili. Naandika maneno kama yalivyokuwa.

Nikasema, "Nilikuwa Butiama."

"Mwalimu hajambo?"

"Hajambo. Hasikii. Lakini anaonaga vizuri." Nikakohoa. "Ameniambia aliona lile shati."

Anuari akasema, "Nilijua ameona. Alikuwa ameshainuka nusu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungesikia saa ngapi? Kwenye meli nilikufuata mara mbili. Mara ya kwanza ulijifanya umelala. Mara ya pili ulihamia kwenye mikungu ya ndizi."

Ni kweli. Nilikaa kwenye mikungu ya ndizi mpaka Musoma. Nilishuka na utomvu kwenye suruali.

Nilitaka kusema nilikosa. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Kilichotoka ni, "Shati lenyewe lilikuwa refu. La kuazima."

"Lilikuwa la kwangu, Benja," akasema Anuari.

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Anacheka upande mmoja sasa, upande wa pili unafuata ukijisikia. Nikacheka na mimi mpaka machozi, na baadaye yale machozi yakaendelea bila kicheko. Anuari akanisogezea kipande cha bitana kutoka kwenye kapu la vitambaa. Nikajifuta. Nikasema, "Nisamehe." Akasema alishasamehe siku nyingi, ila alikuwa hajui anipelekee wapi.

Ikhlas aliporudi, hana uzi, ameleta chai ya maziwa na mandazi.

Nikaomba ubao. Anuari akakubali kwa sharti moja. Akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza ya kukatia, akaweka kifungo cha koti, akakifyatua. Kikaenda upande usiotakiwa na kuangukia kwenye chai yangu.

"Nacheza na huu," akasema. "Na mwenzangu ni wewe."

Jumanne, 22 Julai

Maandalizi. Ukumbi niliolenga umekodishwa kwa sherehe ya kumuaga bibi harusi. Uwanja wa shule nimeambiwa niandike barua, na kwa ajili ya mhuri sitaki tena habari za barua. Imebaki sehemu moja yenye kivuli, mabenchi na watu: kijiwe cha Clementi.

Nimekwenda kwa heshima zote. Clementi akanisikiliza huku anacheza. Akasema atanipa nafasi Jumamosi kwa saa tatu, lakini niseme mbele ya watu kwamba drafti nayo ni mchezo wa akili. Nikasema. Akasema hajasikia. Nikarudia. Naona hicho ni kitendo cha diplomasia.

Nimebandika matangazo Nyasho, Bweri mpaka njia ya Nyegina. Nimeandika: MGENI RASMI ATAKUWEPO. Sikutaja jina kwa kuwa simjui bado. Ni maneno yanayowekwaga kwenye kila tangazo, hakuna anayeuliza.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika yote wakati kichwa kina moto.

Watu wamekuja wengi mno. Kumbe wote wamemfuata mgeni rasmi. Wengine wameuliza fulana zinagawiwa saa ngapi. Kina mama wa Bweri wamekuja na kikundi cha ngoma. Clementi akaniuliza mgeni ni nani, nikatupa macho huku na huku, nikamwona mwalimu Keraryo akishuka kwenye bodaboda na fimbo yake. Nikasema ni yule. Mwalimu akapigiwa ngoma mpaka kwenye kiti. Hakusikia lolote kuhusu ugeni rasmi, ila aliinua mkono kushukuru. Nusu ya watu wakaondoka wakinung'unika. Nusu wakabaki kwa sababu ya kivuli.

Anuari amefika na Ikhlas, kanzu nyeupe, kofia mpya. Mwanaupe ameleta ubao, ameiondoa ile kanga mwenyewe. Sikuwa nimeuona kwa karibu tangu ujana. Kwenye fremu bado kuna alama za kalamu ya mzee Shomari, mistari midogo ya kuhesabu mechi. Anuari akapitisha vidole vya mkono wa kushoto juu yake taratibu, kama anapima kitambaa. Sote tukangoja amalize.

Tatizo: wachezaji watatu, yaani mimi, Anuari na mwalimu. Keram ya wawili kwa wawili inataka wanne. Watu wa Bunda niliowategemea ni watu ambao sikuwahi kuwaalika rasmi. Nikawa nazungukazunguka, namtazama Clementi kwa jicho la kuomba, Mwanaupe akajifunga kanga kiunoni na kuketi mbele ya mwalimu, awe mwenzake.

Nikamwambia dada, huu mchezo una ufundi wake.

Akapaka poda, akaweka kete kubwa, akafyatua. Mbili zikaingia kwa pigo moja. Akafyatua tena, ikaingia ya tatu. Kijiwe kikainamia ubao.

Anuari mwenyewe alikuwa mdomo wazi. Akamuuliza alijifunzia wapi.

"Nyinyi mkienda kuswali," Mwanaupe akasema, "na kaka Benja akienda kununua kashata, ubao ulikuwa unabaki na nani?" Akalenga tena. "Baba alikuwa anajua. Siku asipokwenda kuswali na wenzake, anakaa mlangoni, ananionyesha kwa macho."

Anuari akainamisha kichwa. Akasema, "Hakuwahi kuniambia." Sauti yake haikuwa na kinyongo.

Tukacheza. Mkono wa kushoto wa Anuari ulikosa, ukakosa, ukakosa. Halafu kwenye ubao wa pili ukapata moja, ya kukwaruza ukingo, na watu ambao dakika kumi nyuma hawakujua keram ni nini wakasimama kushangilia. Clementi alikuwa ameacha drafti. Nimemwona kwa macho yangu akisogeza benchi.

Ubao wa mwisho. Tumelingana. Malkia amebaki katikati, kete yetu moja nyeupe iko karibu na shimo, na wao wamebakiza nyeusi moja. Zamu yangu. Nikiingiza malkia na ile nyeupe ikafuata, tumeshinda. Nikajiinamia. Saa yangu ya mkononi ikagonga ile nyeupe. Ikasogea. Kwenda shimoni, tena.

Nikainua macho. Mwalimu anapangusa jasho. Mwanaupe anaongea na Ikhlas. Watazamaji hawajui sheria. Anuari ameona. Alikuwa anautazama ubao, mimi hakunitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, na haukuinuka. Nikangoja uinuke. Haukuinuka.

Nikasema, "Nimegusa."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema. Mwalimu akaweka mkono sikioni. "Unasemaje?"

"Nimegusa, mwalimu."

"Umekosa?"

"Nimegusa!"

Soko lote limegeuka. Muuza dagaa wa upande wa pili akauliza kwa sauti nimemgusa nani. Nikaeleza, mbele ya ngoma, mbele ya Clementi, kwamba saa yangu imegusa kete na naomba kurudisha moja. Mwalimu akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Sawa. Rudisha."

Nikarudisha. Zamu ikaenda kwa Mwanaupe. Malkia, kisha ile nyeusi ikamfuata, kwisha. Wameshinda.

Anuari alinyoosha mkono wa kushoto juu ya ubao, akanishika bega, poda ikabaki kwenye koti. Akasema ubao ukae Musoma kwa Mwanaupe, ndiye bingwa wa mkoa. Mwanaupe akasema atauweka barazani kila alasiri, atakayekuja aje. Tayari Clementi ameuliza kama barazani kuna benchi.

Prudence alikuwa amesimama nyuma muda wote. Sikujua kama amekuja. Tulipokuwa tunarudi nyumbani amenishika mkono kuanzia sokoni mpaka mlangoni, jambo ambalo hatujafanya tangu mwanetu Nathan azaliwe.

Jumapili, 27 Julai

Tathmini ya mashindano. Nimeifanya mwenyewe kwa utulivu baada ya ibada.

Moja: tumeshindwa kutokana na poda. Ilikuwa ya watoto, ina manukato, inateleza kupita kiasi. Mbili: kukiri kwangu kulikuwa mkakati. Niliona mapema kwamba mwalimu angeshtuka na kupoteza umakini. Hakushtuka, lakini hilo ni tatizo la mwalimu.

Saa tano Ikhlas amepiga simu. Anasema baba yake tangu asubuhi amekaa kwenye meza ya kukatia anafyatua vifungo kwa mkono wa kushoto, hataki kuondoka, na gauni la mteja halijakatwa. Ameniomba nizungumze naye. Nimezungumza naye. Nimemwambia aongeze mazoezi. Tumeongea nusu saa, nyingi yake tukibishana kuhusu mikungu ya ndizi, kama ilikuwa ya kupika au ya kuiva.

Mkoa sasa ni mdogo kwetu. Nimeamua, Desemba, Mashindano ya Keram ya Nchi za Ziwa. Kenya na Uganda. Barua zimeshaandikwa, mbili, na mhuri mpya ninauchonga jioni hii. Kwenye sehemu ya idadi ya wanachama nimejaza arobaini. Tuko wanne, ila sioni sababu ya kuwakatisha tamaa wageni.

Prudence amesoma barua juu ya bega langu. Akauliza hao wageni wote watalala wapi.

Nimemwambia kwa Clementi. Ana nyumba kubwa kule Bweri, vyumba vitano, na ni mtu wa watu.

Akauliza kama Clementi anajua.

Nimeliingiza kwenye ajenda ya Novemba.